Kiichiro Toyoda na shutuma ya kunakili

Akitajwa Kiichiro Toyoda, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Toyota, shutuma mbili hufuata haraka. Kwamba alifungua Chevrolet ya mwaka 1933 nati kwa nati akainakili. Na kwamba bila sheria ya Japani ya mwaka 1936, iliyowabana watengenezaji wa kigeni, asingefua dafu mbele ya Ford na General Motors. Zote zina ukweli. Lakini ya kwanza hutolewa na watu wasiojiuliza bloku ya injini hupatikanaje.

Kupima kifaa na kukichora si kazi ngumu. Kukisubu, yaani kumimina chuma kilichoyeyushwa ndani ya kalibu, ndiyo kazi. Bloku ya silinda sita ina njia za maji zinazozizunguka silinda, na ili uwazi huo ubaki, ndani ya kalibu hupangwa viini vya mchanga uliochanganywa na mafuta kisha ukaokwa. Chuma kinapomiminwa, mafuta yale huungua na kutoa gesi. Gesi ikikosa pa kutokea, huacha matundu ndani ya chuma. Kiini kikisogea kidogo tu, ukuta wa silinda huwa mwembamba upande mmoja. Kikivunjika, njia ya maji huziba. Baya zaidi, kasoro nyingi hazionekani mpaka bloku ianze kuchongwa, jasho likiwa limeshamwagika. Mafundi wake wa kiwanda cha Kariya, Japani, walikuwa hodari wa kusubu vipuri vya mashine za kufuma nguo, lakini vipuri hivyo havina matumbo ya namna hiyo. Walitupa mamia ya bloku.

Injini yao ya kwanza, Aina A, ilikamilika Septemba 1934. Ikatoa nguvu isiyofika farasi 50, wakati Chevrolet ilitoa 60. Wakarudi kwenye silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, wakaibadili mpaka injini ikafika farasi 62. Mwenye kunakili tu angekwama pale pa kwanza, kwa kuwa mchoro hauelezi kwa nini nguvu imepungua. Hata uchaguzi wa Chevrolet ulikuwa na hesabu: spea zake zilikuwa tayari madukani Japani, hivyo mteja asingekwama. Fremu ya lori lao la G1 ilifuata Ford, iliyokuwa imara zaidi. Na kwa kuwa chuma cha kufaa magari hakikupatikana kirahisi nchini, alijenga kitengo chake cha kuyeyusha chuma. Nissan ilipita njia nyingine, ikanunua michoro na mitambo ya Graham-Paige ya Marekani. Ni njia ya haki na ya haraka, ila ile ya Kariya ndiyo iliyowalazimu mafundi kujua sababu ya kila kosa.

Shutuma ya pili ni nzito zaidi. Lori la G1 lilitangazwa Novemba 1935 kabla halijaiva, kwa sababu leseni ya kuzalisha magari chini ya sheria hiyo ilikuwa inakuja na Kiichiro alitaka akutwe tayari anazalisha. Nyumba ya ekseli ya nyuma ikawa inavunjika barabarani, mafundi wakiwafuata wateja kutengeneza bure. Haraka hiyo ni yake. Sheria nayo iliwabana Waamerika hadi wakaacha kuunganisha magari Japani mwaka 1939, na jeshi likawa mnunuzi mkubwa wa malori. Hilo halikanushiki, ingawa sheria humpa mtu soko, haimsubii bloku.

Doa ninaloona haliondoki ni la mwaka 1950. Sera ya kubana fedha ya 1949 ilikausha mapato, wafanyakazi wakakubali kupunguziwa mshahara kwa asilimia 10 kwa ahadi kwamba hakuna atakayefukuzwa. Miezi michache baadaye uongozi ukatangaza kupunguza watu 1,600. Mgomo ulidumu karibu miezi miwili, na walioondoka wakapita 2,000. Kiichiro hakujificha nyuma ya mabenki yaliyoikopesha kampuni: alijiuzulu Juni 5. Siku 20 baadaye vita vya Korea vikaanza, na jeshi la Marekani likaagiza maelfu ya malori kutoka kiwanda alichokiacha. Aliombwa arudi kwenye urais wa kampuni, akafariki Machi 27, 1952, kabla hajakikalia kiti.