Mkaa kwa kopo, gesi kwa mtungi

Dar es Salaam mkaa unauzwa kwa kopo. Ukiwa na buku asubuhi chai inachemka, jioni ukipata nyingine ugali unasongwa. Gesi haiji hivyo. Mtungi mdogo wa kilo 6 ukikata, unatakiwa elfu ishirini na kitu kwa mkupuo, vinginevyo unarudi kwa muuza mkaa wa kona. Katika mijadala ya nishati safi ya kupikia ninayoifuatilia, kopo halitajwi kabisa. Mimi naona ndilo linaloamua.

Yanayotajwa ni makubwa zaidi. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha malengo 17 ya maendeleo endelevu, na lengo la 7 linaahidi nishati ya kisasa na ya bei nafuu kwa wote ifikapo 2030. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa kitaifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, yaani miaka minne baada ya muda wa dunia kwisha, na wote hawatafikiwa. Haikupita wiki akawa Paris, mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa nishati ya kupikia Afrika, pamoja na waziri mkuu wa Norway na wakuu wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na Shirika la Kimataifa la Nishati. Zikaahidiwa dola bilioni 2.2.

Wanaounga mkono ajenda hii wana hoja nzito. Serikali hutaja vifo 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa jikoni, na hekta 469,000 za misitu zinazopotea kila mwaka, ingawa hapo mashamba mapya nayo yamo, si mkaa peke yake. Lawama ya jiji hili haikwepeki: mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa nchi inatumia tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na karibu nusu inaishia Dar. Wanaodai kwamba mabeberu sasa wanatupangia hadi jikoni waangalie nani alikaa kiti cha mbele Paris. Ajenda hii Tanzania imeibeba yenyewe.

Ila kubeba ajenda na kushika mfuko ni mambo mawili. Shirika la Kimataifa la Nishati linasema Afrika kusini mwa Sahara inahitaji dola bilioni 4 kila mwaka hadi 2030. Zile za Paris ni bilioni 2.2 kwa jumla, na ni ahadi. Pengo linatarajiwa kuzibwa kwa sehemu na biashara ya kaboni: kampuni inagawa majiko huku, inauza hewa safi kule, yaani vyeti vya hewa ukaa inayodaiwa kuokolewa. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichunguza miradi ya namna hiyo katika nchi kadhaa, wakakuta hewa ukaa inayodaiwa kuokolewa imetiwa chumvi zaidi ya mara tisa. Anayenunua huko Ulaya anaendelea kuchafua akiamini deni lake limelipwa jikoni kwetu.

Halafu kuna kigeugeu cha gesi. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021, nchi zaidi ya 30 ziliahidi kuacha kugharamia miradi ya mafuta, gesi na makaa ya mawe nje ya mipaka yao kwa fedha za umma. Paris gesi ya mtungi ikapigiwa makofi. Sisemi ni unafiki mtupu, maana moshi wa mtungi ukilinganishwa na wa gunia la mkaa ni kama hakuna. Lakini gesi hiyo tunaiagiza kwa meli na kuilipia kwa dola. Vijiweni watu huuliza: gesi yetu ya kisiwa cha Songo Songo si ilifika Ubungo, hapa Dar, tangu 2004? Ilifika, ila ile ni methani, inayofika jikoni kwa bomba. Ya mtungini ni propani na butani. Nyumba zenye bomba, kama zile za Mikocheni, bado ni chache mno.

Kipimo chenyewe nacho kina kasoro. Umoja wa Mataifa huhesabu watu ambao nishati wanayoitegemea zaidi ni safi. Kwangu Tabata, chai na mayai ni gesi, maharage ni mkaa. Mhojaji akija nitasema gesi, na takwimu ya taifa itapanda huku jiko la mkaa likiwaka uani. Serikali nayo inauza mitungi ya kilo 6 kwa nusu bei kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, na taarifa zinahesabu mitungi iliyotolewa. Ningekuwa mimi, ningehesabu waliorudi kujaza mara ya pili.

Kuzuia mkaa kwa amri tulishajaribu mapema 2006, na zuio halikumaliza hata miezi. Kilosa walijaribu njia nyingine tangu 2012, kwa fedha za Uswisi: kijiji kinagawa msitu wake vitalu, kinavuna kwa zamu, visiki vinachipua tena, ushuru unabaki kijijini. Siku hizi mkaa wa namna hiyo hauna mtetezi mikutanoni, kwa kuwa neno “safi” limeshaamuliwa maana yake, na mkaa haumo.

Mwenzangu anayeamini umeme ananiambia kopo limeshapata mpinzani: LUKU, umeme wa kulipia kabla. Unanunua ya buku, unapika. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, limejengwa kwa fedha zetu huku UNESCO na wahifadhi wakilipinga kwa ajili ya hifadhi ya Selous, na leo ndilo linaloweza kutuondoa kwenye mkaa bila kuongeza meli ya gesi. Nakubaliana naye kuliko ninavyokubaliana na Paris. Tatizo ni kwamba Tandale na Manzese wapangaji sita wanachangia mita moja, units zikiisha ni ugomvi, na sharti la kwanza la mwenye nyumba kabla hujakabidhiwa ufunguo ni kutopikia umeme.