Asilimia ya Wino Kwenye Kompyuta Isikutupishe Katriji

Wanaochapa nyumbani, kuanzia mwalimu wa Uyole hadi mwenye steshenari ndogo Mwanjelwa, hapa Mbeya, wanaiamini mno ile picha ya wino inayotokea kwenye skrini. Ikionyesha asilimia 10, katriji inaishia jalalani. Kwangu mimi hiyo ni hasara ya kujitakia, kwa sababu printa nyingi za nyumbani hazipimi wino. Zinahesabu matone yaliyorushwa, zinaongeza yaliyotumika kusafisha hedi (sehemu inayorusha wino kwenye karatasi), kisha zinatoa jumla hiyo kwenye ujazo wa kiwandani. Ndiyo maana katriji uliyoijaza kwa sindano inaweza kusomeka tupu huku imejaa pomoni.

Makadirio hayo yana kazi yake, ila lazima ujue pa kuyasoma. Kwenye Windows 11 fungua "Settings", kisha "Bluetooth & devices", kisha "Printers & scanners". Chagua printa yako, bonyeza "Printing preferences", halafu "Maintenance". Epson na Canon nyingi huweka hali ya wino humo. HP huionyesha kwenye programu yake (HP Smart, au HP kwenye matoleo mapya). Ukikosa "Maintenance", kwa kawaida ni kwa sababu Windows ilijiwekea draiva (programu inayoiunganisha printa na kompyuta) yake ya jumla, ambayo inajua kuchapa na si zaidi. Iondoe printa, pakua draiva kamili ya modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji, uisakinishe upya.

Kwa printa ya waifai iko njia fupi zaidi. Chapa ripoti ya mtandao kutoka kwenye printa yenyewe, soma anwani ya IP (namba ya printa kwenye mtandao), uiandike kwenye kivinjari. Modeli nyingi zitakufungulia ukurasa wao wenye hali ya wino, na haili bando, maana mawasiliano hayatoki nje ya nyumba. Ikigoma, hakikisha kompyuta na printa ziko kwenye mtandao mmoja, kisha chapa ripoti nyingine, kwani IP hubadilika.

Printa za tangi, kama Epson L3110 iliyojaa kwenye steshenari zetu, zina habari nyingine kabisa. Tangi halina kihisi, kwa hiyo kompyuta haijui chochote kuhusu kilichomo. Weka printa mezani pasipo mwinuko, inama, tazama mstari wa chini. Wino ukishuka chini ya hapo, hewa inaingia kwenye mirija, na kuitoa kunakula wino mwingi kuliko ule uliokuwa ukiubania. Jaza rangi iliyoshuka tu. Chupa ya wino namba 103 ina mililita 65, na hakuna sheria ya kungoja rangi zote nne ziishe pamoja.

Kosa kubwa zaidi ni kununua wino wakati tatizo ni hedi iliyokauka. Umeme ukikatika katikati ya kazi, au ukiizima printa kwenye soketi badala ya kitufe chake, hedi haipati nafasi ya kurudi kwenye kifuniko. Kiangazi cha Mbeya na vumbi lake kinamalizia. Karatasi inatoka na michirizi, skrini inasema wino upo asilimia 60, na safari hii skrini haina kosa. Chapa "Nozzle check" (ukurasa wa kukagua matundu ya hedi) kwanza. Mistari ikikatika, safisha hedi mara moja, kagua tena. Ukifika mara tatu bila nafuu, acha: kwa L3110, ipumzishe angalau saa 12 kabla ya kujaribu tena. Kusafisha mfululizo kunamaliza wino na kujaza sponji la wino chafu.

Na ile Canon ya katriji inayokataa kuchapa kwa madai kwamba wino umeisha? Kwenye modeli nyingi za PIXMA, shikilia kitufe cha "Stop" kwa sekunde 5 au zaidi. Inaacha kuhesabu wino wa katriji hiyo na kuendelea na kazi. Kuanzia hapo karatasi ndiyo itakayokuonya: nyeusi ikianza kufifia, simama, usiiunguze hedi kwa kuchapa kavu. Aliye Tukuyu, mwenye kilomita kama 70 hadi Mbeya mjini, anunue katriji ya akiba kabla ya kubonyeza kitufe hicho.