Kobe Hajawaomba Rafiki

"Mjomba, rafiki zake kobe wameenda wapi?"

Ujumbe wa sauti, saa mbili usiku, kutoka Dubai. Anayeuliza ana miaka sita na sauti imeshaanza kutetemeka. Mimi niko Tanga na bakuli langu la uji, natakiwa nieleze ilikuwaje samaki sita wa dhahabu walioingia Ijumaa kwenye tangi la kobe wake wa majini wakabaki wawili Jumatatu, na mmoja wao hana mkia.

Nikampigia mama yake. Dada, nani kakushauri? Muuzaji wa duka la wanyama. Kamwambia kobe akikaa peke yake huzubaa, mnunulie wenzake achangamke. Na kweli kachangamka! Kachangamka siku tatu mfululizo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofunzwa. Kobe jembe hana, ana taya.

Duka nalisamehe, lipo kuuza. Linalonipandisha presha ni hilo neno "mpweke". Nani kawaambia? Kobe huyu mwenye mabaka mekundu ubavuni mwa kichwa kwao ni bonde la mto Mississippi, huko Marekani. Mama yake alichimba shimo, akataga, akafukia, akaenda zake. Mtoto alitoka kwenye yai hajui mama, hajui ndugu, akaingia majini kutafuta riziki. Utawaona wamepangana juu ya gogo kama abiria wa daladala, ukasema tazama wanavyopendana. Wanapendana kama abiria wa daladala hasa: kila mmoja kafuata kiti, na hapo kiti ni jua.

Mtu ataniambia, mbona huko mtoni anaishi na samaki? Anaishi nao, ndiyo. Ila samaki wa mtoni akiona taya ana mto mzima wa kukimbilia. Samaki wa dada yangu ana lita sitini na kona nne. Tena kobe akiwa mdogo ndipo anapopenda nyama zaidi. Majani huyazoea akikua, na hata hapo kitoweo kikipita mbele ya pua hakiachi. Na hao samaki wa dhahabu hata kwa chakula hawafai: nyama yao ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, kobe akiwazoea anadhoofika. Kwa hiyo umemuua samaki, na kobe naye umemlisha vibaya, kwa pesa yako mwenyewe.

Basi dada akaja na wazo la pili, na hili ndilo lililoninyima usingizi. "Nimnunulie kobe mwenzake, basi?"

Jamani. Wazo la kobe wawili ni baya kuliko la samaki, kwa sababu samaki akiliwa unajua. Kobe wawili wanaweza kuteseka mwaka mzima huku wewe unarekodi video. Kuna ile ya kobe anayetetemesha makucha marefu ya mbele usoni mwa mwenzake, watu wanaitilia muziki wa taarabu, "anampungia mkono". Hampungii. Ni dume linamtongoza jike, na jike katika tangi la kioo halina pa kusema sitaki. Likikataa linang'atwa shingo na miguu. Likikubali linabeba mayai, na lisipopata mchanga wa kuchimba linaweza kuyazuia tumboni mpaka yakaliua. Weka madume mawili, wanatafunana mikia. Weka majike mawili, mkubwa anapanda juu ya mdogo chini ya taa, nawe unaona wamekumbatiana. Kumbe mdogo kanyimwa joto na mwanga, na chakula chenyewe anapata makombo. Kila siku. Hana mlango wa kutokea.

Halafu hesabu. Kanuni ya wafugaji ni kama lita arobaini kwa kila sentimita mbili na nusu za gamba. Jike likifika sentimita 25, hizo ni lita mia nne, kwa kobe mmoja, na anaweza kuishi miaka thelathini. Dada ana lita sitini na mkataba wa nyumba wa mwaka mmoja.

Msiniambie pia kuhusu yule samaki mweusi mnyonya kioo, pleko. Miiba ya mapezi yake hukwama kooni mwa kobe, na akikosa ukoga hugeukia gamba la kobe kulilamba. Konokono ni kitafunwa.

Haya, nikubali kwa shingo upande: ukiwa na bwawa kubwa nje, lenye majani mengi na mapango, ukaweka gapi, wale samaki wadogo wa rangi, wengi, watazaana haraka kuliko wanavyoliwa na utaona kama wanaelewana. Sharti moja: mtoto asiwape majina.

Utotoni tulimtoa kobe wa kwetu kwenye dimbwi, tukamtia ndani ya pipa pamoja na perege watatu wa babu. Kwanza alitutolea harufu ambayo sabuni ya kipande haikuiweza. Perege hawakuonekana tena. Babu hakutuchapa, alicheka tu. Alisema yule humvuta hata njiwa aliyekuja kunywa maji, sembuse perege. Naye hakuwa na duka la wanyama, alikuwa mkulima wa machungwa.

Dada kanisikiliza, au kajifanya. Samaki wawili waliobaki wamehamishiwa chombo chao, yule asiye na mkia anaitwa Nahodha na anakula vizuri. Nimemsisitizia mtoto anawe mikono kila akimshika kobe, kwa sababu ya salmonela, vijidudu vya kuharisha ambavyo kobe hubeba. Marekani walipiga marufuku kuuza kobe wenye gamba chini ya sentimita 10 tangu 1975 kwa sababu hiyo hiyo.

Leo asubuhi nimeamka na ujumbe mwingine kutoka Dubai. Ni mama mtu safari hii.

"Kaka, na wale kamba wadogo wa majini je?"