Pikipiki ya kuvuta kamba

Mwonyeshe fundi yeyote picha ya Rokon RT340, kisha umwulize kiki iko wapi. Ataitafuta kulia, ataitafuta kushoto, mwisho atasema imekatika. Haijakatika, haikuwekwa. Pikipiki hii iliwashwa kwa kuvuta kamba, kama kijenereta cha dukani umeme unapozimika. Klachi nayo haina, wala gia za kukanyaga kwa mguu.

Ilitengenezwa Keene, New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na theluji ya huko ndiyo asili yake. Miaka ya 1970 Rokon walichukua injini ya Sachs ya sisi 335, ya mipigo miwili, iliyokuwa ikisukuma vyombo vya kutelezea kwenye theluji. Wakaifunga kwenye fremu ya pikipiki ya porini pamoja na mkanda na puli za kujirekebisha. Injini ikichanganya, puli ya mbele inabana, mkanda unapanda, mwendo unaongezeka. Wewe kazi yako ni kuvuta mafuta tu. Skuta zinazopita mitaani leo zinatumia akili hiyohiyo, na sijasikia mtu akizicheka.

Rokon ilichekwa, na kilichowakera watu, nadhani, ni mlio. Dereva wa porini huendesha kwa sikio: gia inapanda, sauti inashuka. Hapa alisikia mngurumo mmoja wa chenso huku miti ikizidi kumpita kasi. Ukiwa umezoea vingine, utaapa kitu kinateleza ndani. Hata hivyo mwaka 1973, Mashindano ya Kimataifa ya Siku Sita ya pikipiki za porini yalipofika Marekani kwa mara ya kwanza, huko Dalton, Massachusetts, Rokon walipeleka pikipiki zao zikashindane na zenye gia.

Wapo wanaoisifu kwa breki zake za diski, mbele na nyuma, wakati wenzake wengi wa porini walikuwa bado na breki za drum. Sawa, lakini tusiipambe. Ukikata mafuta kwenye mteremko, mkanda unalegea na injini haikushiki tena. Bila breki kali ungeishia mtoni. Na ikikuzimikia katikati ya mlima, unatafuta pa kuiegemeza kwanza ndipo uvute kamba.

Kwenye tope, hata hivyo, ningeichagua hii kuliko nyingi zenye gia. Tope huwashinda wengi kwenye klachi: umeachia haraka, imezima, umezama. Hapa kosa hilo halipo.

Nduguye mkubwa, Trail-Breaker, mwenye magurudumu yote mawili yanayosukuma, tena yenye uwazi ndani wa kubebea maji au petroli, bado anatengenezwa hadi leo. RT340 ilidumu miaka michache tu, ndiyo maana wakusanyaji wanaisaka. Mimi nikiipata, kabla ya tairi na kabla ya mkanda, nitanunua kamba ya akiba.