Mkataba uliotupa Dar ndio uliotunyima Ziwa Nyasa

Kila suala la mpaka wa Tanzania na Malawi katika Ziwa Nyasa linapoibuka, jibu la watu wa Dar es Salaam huwa moja: mpaka uko katikati ya ziwa, na hakuna cha kujadili. Mimi nami nataka mpaka uwe katikati, na nitaeleza kwa nini. Lakini wengi wetu tunaitetea hoja hiyo kana kwamba Malawi wameamka tu asubuhi wakajitungia madai kwamba maji yote hadi ufukwe wetu ni yao. Hawakujitungia. Wana karatasi mkononi, na karatasi hiyo tunaihitaji sisi kuliko tunavyopenda kukiri.

Tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani walitia saini mkataba wa kugawana maeneo ya Afrika Mashariki, ule ambao Wajerumani walipewa kisiwa cha Heligoland kule Ulaya na Waingereza wakaachiwa Zanzibar. Ibara ya kwanza inaufuata mpaka hadi Ziwa Nyasa, kisha inaupeleka kwenye ufukwe wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi, mpaka ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Mto Songwe. Katikati ya ziwa haitajwi. Waskoti walikuwa ziwani tangu 1875, na misheni zao na kampuni yao ya biashara, na Waingereza hawakuwa tayari kugawana maji na Mjerumani. Ndiyo maana Ziwa Victoria lilikatwa kwa mstari wa nyuzi 1 kusini ya ikweta, lakini Nyasa likabaki upande mmoja. Hakuna Mmanda wala Mnyakyusa aliyeulizwa.

Sasa shuka hadi ibara ya 11 ya mkataba huohuo. Humo Uingereza inaahidi kutumia ushawishi wake wote ili Sultani wa Zanzibar awaachie Wajerumani moja kwa moja pwani waliyokuwa wameikodi, pamoja na kisiwa cha Mafia. Sultani alilipwa marki milioni 4, na pwani ikaondoka mikononi mwake. Dar es Salaam, mji ulioanzishwa na Sultani Majid katika miaka ya 1860, ukawa wa bara kisheria kwa karatasi hiyo. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo.

Anayeona hilo ni dogo atazame Mombasa. Ukanda wa pwani wa Kenya haukuuzwa. Ulibaki mali ya Sultani chini ya utawala wa Waingereza, na uhuru ulipokaribia, zikazuka harakati za Mwambao zilizotaka pwani ijitenge au irudi Zanzibar. Suala hilo lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1963, mwaka uleule wa uhuru, lakini maumivu yake yanasikika hadi leo katika siasa za pwani ya Kenya. Sisi Dar hatukupitia hayo. Tanganyika ilipata uhuru wake ikiwa na pwani isiyodaiwa na mtu. Kwa hiyo anayesema mkataba wa 1890 ni takataka za wakoloni aseme pia Mafia ni ya nani.

Hapo ndipo hoja ya Malawi inapopata nguvu. Julai 1964, siku chache tu baada ya Malawi kupata uhuru, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Cairo na kuazimia kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku kila nchi ilipojitawala. Somalia na Morocco hawakukubali. Aliyelisukuma azimio hilo alikuwa Mwalimu Nyerere, na alikuwa sahihi: bila ya hilo, bara lingetumbukia katika vita vya kugombea mistari. Miaka mitatu baadaye, 1967, Tanzania ikatangaza kwamba mpaka wake na Malawi uko katikati ya ziwa. Mmalawi akiuliza kilichobadilika kati ya 1964 na 1967, ana haki ya kujibiwa.

Jibu letu lipo, ila halisemwi vya kutosha. Azimio la Cairo linazungumzia mpaka uliokuwepo siku ya uhuru, na siku ile, Desemba 1961, mpaka wa ziwa haukuwa wazi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walizitawala pande zote mbili, na ramani na ripoti zao hazikukubaliana: nyingine zilichora mpaka katikati ya maji, nyingine ufukweni. Mtawala alikuwa mmoja, hakuwa na haja ya kujisumbua. Isitoshe, ibara ya 6 ya mkataba huohuo wa 1890 inasema mistari yote hiyo inaweza kurekebishwa kwa makubaliano, kulingana na mahitaji ya mahali husika. Yaani waliochora walijua kwamba walichora kutoka mbali.

Na mahitaji ya mahali husika yanaonekana kwa macho. Kuanzia Kyela, kupita Ludewa, hadi Mbamba Bay, kuna Wanyakyusa, Wakisi, Wamanda na Wanyasa ambao ziwa ni shamba lao, kisima chao na barabara yao. Wanavua usipa na mbasa, na pale milima ya Livingstone inapoingia majini, mtumbwi hufika mahali ambapo gari halifiki. Ukiusoma mpaka wa ufukweni kwa ukali wake wote, mama wa Liuli anayeteka maji ya kupikia amekwisha kuvuka kwenda nchi nyingine. Malawi haijawahi kuishi hivyo na majirani zake, na hilo ni la kuwapongeza. Lakini haki inayotegemea wema wa jirani haijawa haki. Huu ndio msingi ninaouamini, na ni imara kuliko kubishana na maandishi yaliyo wazi.

Kuna jambo moja la historia linalofaa kusemwa wazi. Madai ya 1967 hayakuzuka katika hali ya utulivu. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika na kimbilio la wapinzani wa Rais Kamuzu Banda, akiwemo waziri wake wa zamani Kanyama Chiume, mtu wa Nkhata Bay aliyesomea Tanganyika. Banda naye alikuwa akishirikiana na Wareno wa Msumbiji, na mwaka huohuo wa 1967 akafungua uhusiano wa kibalozi na makaburu wa Afrika Kusini. Mwaka 1968 akaenda mbali zaidi, akadai hata maeneo ya nchi kavu ya majirani zake. Mstari wa majini ukageuka mstari wa kisiasa. Viongozi wale wote wamekwisha kuondoka duniani, lakini misimamo yao bado tunaibeba.

Kisha ikaja habari ya mafuta. Mwaka 2011 Malawi ilitoa leseni ya utafutaji kwa kampuni ya Uingereza, Surestream Petroleum, na 2012 Tanzania ikataka kazi isimame hadi mpaka ujulikane. Marais walikuwa Jakaya Kikwete na Joyce Banda. Usuluhishi ukapelekwa kwa marais wastaafu wa kusini mwa Afrika: Joaquim Chissano akiongoza, pamoja na Thabo Mbeki na Festus Mogae. Suluhu haikupatikana. Mimi naona mafuta yaliharibu mazungumzo, kwa sababu kila upande ulianza kuhesabu mali ambayo hakuna aliyeiona, huku samaki, ambao wapo na wanalisha watu wa nchi zote mbili, wakisahaulika. Mafuta yakimwagika katika ziwa lenye kina cha mita 700, maji yake yakitoka kwa mto mmoja tu, Shire, hayatauliza mpaka uko wapi.

Wapo wanaoshauri twende mahakamani. Nigeria walikuwa na watu wao Bakassi, wakiishi na kutawaliwa nao, lakini mwaka 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliipa Kameruni rasi ile kwa kufuata mkataba wa kikoloni wa 1913. Tukienda The Hague na hoja ya watu peke yake, tunaweza kurudi mikono mitupu.

Wengine wanashauri tuitumie bandari. Malawi haina bahari. Mizigo yake hupita Beira, Nacala na hapa Dar. Fimbo hiyo imekwisha kuonekana: Aprili 2025, baada ya Malawi kuzuia baadhi ya mazao yetu, Tanzania nayo ilipiga marufuku mazao ya kilimo kutoka huko, kabla ya pande mbili kukaa na kuelewana. Katika mzozo wa biashara hatua hiyo ina mantiki. Katika suala la mpaka itatuumiza, kwa kuwa mteja anayetishwa huhamia bandari nyingine, na Beira wanamsubiri. Wa kwanza kuumia watakuwa wakulima na wafanyabiashara wa Kyela na Mbeya, walewale tunaodai kuwatetea.

Njia iliyowahi kufanikiwa iko ndani ya ziwa hilohilo. Upande wa Msumbiji nao mpaka ulikuwa ufukweni tangu 1891. Mwaka 1954 Uingereza na Ureno wakakubaliana kuusogeza hadi katikati, na visiwa vya Likoma na Chizumulu vikabaki vya Nyasaland, yaani Malawi ya leo, ingawa viko karibu na Msumbiji. Malawi huru inauheshimu mpaka huo mpaka leo. Atakayesema mpaka wa katikati ni kitu kisichowezekana, jibu ni hilo. Na atakayesema ni haki yetu bila kuomba, jibu pia ni hilo: ulipatikana kwa makubaliano.

Kwa hiyo ningependa serikali yetu ikubali maandishi ya 1890 yanasema kinachosemwa, kisha itumie ibara ya 6 na mfano wa 1954 kuomba marekebisho. Ugumu upo, na sitaki kuuficha: Malawi watapoteza eneo kubwa la maji waliloandikiwa, na hakuna rais atakayelitoa bure mbele ya wapigakura wake. Lazima tupeleke kitu mezani. Tunacho: uhakika wa maandishi wa kupitisha mizigo Dar na Mtwara, matumizi ya bandari ya Mbamba Bay, uvuvi unaosimamiwa na nchi zote mbili, na mgawanyo wa chochote kitakachopatikana chini ya maji bila kujali kimeangukia upande gani. Tayari tuna Kamisheni ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe, mto unaohamisha mkondo wake mafuriko yakija na kumwacha mkulima ng'ambo ya nchi yake. Kama tumeweza kukaa pamoja kwa ajili ya mto usiotulia, mazungumzo ya ziwa yanaweza kuanzia katika meza hiyohiyo, na yaanze kabla mwingine hajatoa leseni nyingine.