Ukiuza ubaridi, usimlipe fundi kwa kilo za gesi

Kiwanda kinachounda vyumba baridi kikiamua kuuza ubaridi badala ya chumba, mfanyabiashara wa samaki pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, hulipa kila mwezi na kiwanda hubeba matengenezo yote. Wengi huanza mabadiliko hayo kwa semina ya huduma kwa wateja. Kwangu mimi hapo ndipo wanapokosea. Kianze na malipo ya fundi.

Chumba kinapouzwa, gesi ya kupozea ikivuja na kupungua ni mapato. Fundi anajaza, ofisi inatoza kwa kilo, kamisheni inaingia, tundu linabaki palepale. Chini ya mkataba wa huduma, tundu hilohilo linakula fedha za kiwanda, na kazi inayotakiwa ni ndefu: kuhamishia gesi iliyobaki kwenye mtungi, kupandisha shinikizo kwa naitrojeni kavu, kupaka povu la sabuni kila kiungo, kuchomelea, kubadilisha draya (kichujio kinachonyonya unyevu), kuvuta vakyumu, yaani kutoa hewa yote, hadi mikroni 500, kufunga valvu na kutazama kama geji inarudi juu, ndipo gesi ipimwe kwa mizani. (Oksijeni isitumike kamwe badala ya naitrojeni; ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka.) Nusu siku inakwisha hapo. Fundi anayelipwa kwa idadi ya simu alizomaliza hataifanya, hata kama alifundishwa chuo cha ufundi cha VETA na anaijua vizuri.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1962 Bristol Siddeley ya Uingereza ilianza kuwatoza wenye ndege kwa saa ambazo injini ya Viper imeruka. Tangu hapo injini ikilala, hasara ni ya aliyeiunda.

Tazama hesabu. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Ukiahidi kwamba chumba kitafanya kazi asilimia 98 ya muda huo, umejiachia saa 14 na dakika 24 tu za kusimama. Karakana iko Chang'ombe, mteja yuko Kunduchi, simu imepigwa saa kumi na moja jioni: foleni pekee inaweza kumaliza saa mbili au tatu. Kwa hiyo gari liwe tayari na feni, kontakta (swichi ya umeme ya kompresa), kapasita na raba ya mlango, na fundi awe na ruhusa ya kuvitumia bila kusubiri saini ya stoo. Ruhusa hiyo mameneja huiogopa kuliko gharama yoyote.

Fomu ya kazi nayo ibadilike. "Kompresa imeungua" siyo sababu. Sababu ni fezi moja ya umeme kukatika, umeme kuwa mdogo, mafuta kutorudi, au kandensa (sehemu ya nje inayotoa joto) kuzibwa na vumbi na chumvi ya upepo wa bahari. Fundi aiandike, na mchoraji wa kiwandani aisome. Kiungo kilekile kikivuja kwa wateja watatu, kosa liko kwenye mchoro. Hapo fundi wa nje anamkosoa injinia, na kama bosi hatamlinda, fomu zitarudi zimejazwa maneno matupu.

Bonasi ifuate nini, basi? Isifuate uchache wa simu, maana mafundi watawaomba wateja wasipige. Ifuate kipimajoto chenye kumbukumbu ndani ya chumba: saa ambazo samaki walikaa nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Bonasi hiyo igawanywe kwa timu nzima, pamoja na yule anayeosha kandensa.