Bonde la Msimbazi: tuhesabu na kilomita

Kaskazi imeisha, joto la Februari limeanza kulegea na mawingu ya masika yamesogea. Kiangazi chote nimekuwa nikivuka Jangwani, bondeni mwa mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, kwa miguu asubuhi, kutoka Magomeni kwenda Kariakoo. Nyumba zimevunjwa kupisha mradi wa bonde, na pale pamebaki peupe: kifusi, misingi isiyo na kuta, vijana wanaogonga zege wachomoe nondo za kuuza chakavu.

Wengi ninaozungumza nao wanasema heri, na naielewa hoja yao. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Mvua ikizidi, mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu na mchanga na taka zake, unapanda juu ya Barabara ya Morogoro, na mwendokasi unasimama. Karakana ya mabasi hayo pale Jangwani imeingia maji mara nyingi mno. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Jiji lenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022 haliwezi kukatika vipande viwili kila mto unapofura. Mradi wa bonde, ulioidhinishiwa na Benki ya Dunia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, unataka mto upewe nafasi yake, daraja liinuke na bonde liwe bustani. Hayo yote nayaunga mkono.

Ninachokataa ni maneno yanayofuata hapo, kwamba watu wa mabondeni ni wakaidi. Ushahidi unaotolewa ni Mabwepande. Baada ya mafuriko ya 2011 serikali iliwapa waathirika viwanja huko, na baadhi yao wakauza, wakarudi mtoni. "Walipewa, wakauza." Kauli hiyo imefunga mijadala mingi vijiweni na maofisini, na ndiyo nataka tuikalie kidogo.

Mabwepande iko zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Mtu wa Jangwani ni kuli, ni mama lishe, ni kijana wa mkokoteni, ni dada anayekwenda kufua nguo za watu Upanga. Riziki yake iko Kariakoo na jirani zake, na anaifikia kwa miguu, alfajiri, bila kutoa hata senti. Sasa mhamishie Mabwepande. Tuseme anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Tupunguze makali, tuhesabu kila gari kwa nauli ya chini kabisa ya daladala iliyotangazwa Desemba 2023, shilingi 600, ambayo ni ya safari isiyozidi kilomita 10. Hiyo ni 2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 62,400. Kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wa biashara na viwanda kilichoanza Januari 2023 kilikuwa 150,000 kwa mwezi. Kabla hajanunua unga wala mkaa, shilingi 40 na zaidi katika kila 100 zimebaki kwa kondakta. Na huyo ni mwenye mshahara. Kuli analipwa kwa gunia, siku isiyo na mzigo hana kitu, na nauli ameshaitoa.

Hapo bado sijagusa saa. Mama lishe ambaye supu yake lazima iwe tayari makuli wanapoanza kushusha magunia, akitokea Mabwepande aamke saa ngapi? Na watoto wa shule awaachie nani?

Aliyeuza kiwanja kile alikaa akapiga hesabu hizi hizi. Aliweka maji yanayokuja mwaka huu na kukosa mwaka ule upande mmoja, njaa ya kila siku upande wa pili, akachagua. Mimi simwoni mkaidi hapo.

Nitajibiwa kwamba safari hii watu wamelipwa fidia. Ni kweli, na ni hatua kubwa ukikumbuka bomoabomoa ya Desemba 2015, watu walipowekewa alama ya X na kuachwa na makochi yao mvuani. Lakini zisome kanuni za fidia za 2001. Posho ya usafiri inahesabiwa kwa gharama ya kusafirisha mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Kilomita 20! Aliyeandika kanuni hakufikiria kwamba mtu atasukumwa mbali kuliko hapo, na tangu mwaka 2012 tunawaona watu wakipelekwa mbali zaidi. Posho ya kupoteza faida nayo inataka mahesabu yaliyokaguliwa. Mama lishe ana daftari la madeni ya wateja. Mkaguzi atamtoa wapi?

Kuna mfano wa njia nyingine, na uko karibu mno na bonde lenyewe. Magomeni Kota, familia 644 zilizoondolewa kwenye nyumba zao za zamani zilijengewa maghorofa palepale, yakazinduliwa Machi 2022. Walisubiri miaka mingi na kwa tabu, lakini waliporudi, Kariakoo yao ilikuwa pale walipoiacha. Hakuna aliyelazimika kuanza maisha upya Bunju, kule pembezoni mwa jiji.

Mpango wa Msimbazi unakusudia kuinua kingo za bonde na kuruhusu majengo juu yake. Ardhi hiyo, hatua chache kutoka Kariakoo, itakuwa na bei ambayo hakuna kuli atakayeiweza. Sehemu ya vyumba hivyo itengwe sasa, kwa maandishi, kwa kodi wanayoiweza, kwa waliokuwa wamiliki na wapangaji wa Jangwani, wakati orodha za majina yao bado ziko mezani na wenyewe bado wanapatikana kwa simu.